Watu 12 wa Google Play si kero

Kwenye magrupu yetu ya watengeneza programu haipiti wiki bila mtu kuibuka na ombi lile lile: "Wakuu, naombeni Gmail zenu, nimepungukiwa watu watano." Wanaomjibu nao wanataka Gmail yake. Basi wanabadilishana, kila mmoja anaweka programu ya mwenzake kwenye simu na kuiacha hapo bila hata kuifungua, siku zinahesabika.

Kwa asiyejua kinachoendelea: akaunti binafsi ya mtengeneza programu kwenye Google Play iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 hairuhusiwi kutoa programu hadharani mpaka kwanza ijaribiwe na kundi dogo kwa siku 14 mfululizo. Awali walitakiwa watu 20, Desemba 2024 wakapunguzwa hadi 12. Ada ya dola 25 unailipa mara moja tu na hakuna anayeilalamikia sana. Kinachouma watu ni hao 12.

Mimi naona ni sharti lenye faida kuliko yote kwa mtu anayetoa programu yake ya kwanza huku mkate wake anautafuta kwingine. Najua kwa kusema hivi nitapigwa mawe.

Programu yangu inatunza hesabu za kikoba: hisa, mikopo, faini za wachelewaji, mfuko wa jamii. Naitengeneza usiku nikishatoka kazini. Wajaribu wangu ni wanakikoba wa mtaani kwetu, wengi wao akina mama wenye biashara ndogondogo, na kikwazo cha kwanza hakikuwa hata kwenye programu. Ili kumwingiza mtu kwenye orodha yangu ya wajaribu nilihitaji anwani yake ya Gmail. Sasa uliza watu kumi mtaani Gmail yao ni ipi. Wengi walifunguliwa na kijana wa duka la simu siku waliyonunua, akaweka jina lililomjia kichwani, nywila akaondoka nayo. Nilikuwa nachukua simu moja moja, naingia kwenye mipangilio, naisoma anwani na kuinakili kwenye karatasi. Kwingine simu ilikuwa imejaa, ikabidi kwanza tufute video za harusi. Hapo ndipo utajua kila megabaiti ya programu yako ina gharama kwa mtu, na si ya bando tu.

Katibu wao ana daftari kubwa la kaunta, amelichora mistari kwa kalamu nyekundu, safi kuliko kurasa zangu zote. Aliibonyezabonyeza programu kimya, kisha akauliza: "Mwanangu, na hii simu ikiibiwa, hesabu zetu zinaenda wapi?" Hela zenyewe hazina shida, zipo kwenye sanduku la kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Hofu yake ilikuwa kwenye rekodi. Swali hilo ndilo lililoandika tangazo langu. Google Play inakupa herufi 80 tu za maelezo mafupi chini ya jina, na zangu zinasema: "Hesabu za kikoba chako hazipotei, hata simu ikiibiwa." Ningejifungia peke yangu chumbani ningeandika "mfumo wa kisasa wa usimamizi wa fedha za vikundi", maneno ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuyatafuta kwenye simu yake.

Mweka hazina naye nilimkuta akipiga picha kioo cha simu ya katibu kwa simu yake, ili atume muhtasari wa mkutano kwenye grupu lao la WhatsApp. Nikaweka kitufe kinachotengeneza picha hiyo, jina la programu likiwa chini kwa maandishi madogo. Mwanamke mmoja wa mjini anaweza kuwa kwenye vikoba viwili au vitatu, kwa hiyo muhtasari wa kikundi kimoja unaonekana na watu wa vikundi vingine. Mtu wa Instagram mwenye wafuasi laki mbili hawezi kunifikishia hilo, na bei yake mnaijua.

Ila walinikatalia jambo moja. Picha ya kwanza ilionyesha wenye madeni yaliyopitiliza kwa rangi nyekundu, majina kamili. Mama mmoja akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba deni lake ni la kikao, si la mtandaoni. Alikuwa na haki, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 haiko mbali na alichokisema. Sasa picha inatoa jumla tu.

Walinifundisha na majira. Vikoba vingi huvunjwa Desemba, watu wakagawana, mzunguko mpya ukaanza Januari. Ukitangaza programu ya namna hii Septemba unamwambia katibu ahamishe daftari zima katikati ya mwaka. Atakuitikia kwa adabu, na hatoiweka. Kwa programu ya ada za shule au ya mazao kuna kalenda nyingine, na anayeijua ni yule mwenye shughuli.

Siku 14 zikiisha hupewi ruhusa papo hapo. Kuna fomu: uliwapataje wajaribu, waliitumiaje, walisema nini, ulibadilisha nini. Wenye wajaribu wa kuazima hapo ndipo wanapoanza kutunga hadithi. Katibu wangu amenipa ya kujaza na kubaki. Bado anadai herufi ziwe kubwa zaidi, maana wanakutana jioni na miwani huwa ameiacha nyumbani.