Akina mama, leteni mikono tu

Orodha ya Krismasi imeshatua kwenye grupu la ukoo. Mbuzi wawili, kaka mkubwa. Mchele kilo 50, walioko Arusha. Mbege itachukuliwa kwa jirani yule yule wa kila mwaka. Wanaume kila mmoja Sh150,000, mwisho tarehe 10. Halafu mstari wa mwisho, na vikatuni vitatu vya kucheka mpaka machozi: "Akina mama, nyie leteni mikono tu."

Niliisoma ndani ya daladala, na dereva alikuwa amefungulia redio. Mtaalamu mwenye sauti ya asali anatufundisha kujijali msimu wa sikukuu. Jitengee muda wako. Oga maji ya moto bila haraka, washa mshumaa. Ulale masaa nane. Dada yangu, mimi nalala saa nane. Saa nane ya usiku. Mshumaa tunawasha, ndiyo, umeme ukikatika. Na maji ya moto hayakosekani, yapo kwenye sufuria la kunyonyolea kuku.

Mimi ni Msambaa niliyeolewa Rombo, Uchagani. Kila Desemba mnapowatania Wachaga kwamba wanakwenda kwao kuhesabiwa, jueni na mimi nimo kwenye hesabu, mwaka wa kumi na moja huu. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kukimbia usiku mwaka 2023, mambo yamekuwa matamu zaidi: unapanda Mbezi jioni, unakunjwa kwenye kiti usiku kucha, unafika asubuhi ukiwa tayari kukabidhiwa kisu.

Maana kinachofuata ni ndizi. Mikungu na mikungu. Ya mtori, ya machalari, ya kiburu kwa wasiotaka nyama, na nyingine ya akiba kwa sababu "wageni huwezi kujua". Unamenya mpaka utomvu unashika vidole vyeusi, hautoki kwa sabuni wala limau, na Januari unarudi ofisini unasaini karatasi kwa mikono ya fundi gereji. Watu arobaini wanakula asubuhi, mchana na usiku, na kila mlo una sahani zake. Wanaume wamechinja, nakubali. Kuchinja ni kazi. Ni kazi ya saa mbili, na ikiisha wanakaa chini ya mgomba na kisusio kwenye bakuli, wanajadili viwanja vya Goba mpaka jua linazama. "Huku kijijini mtu unapumzika kweli," shemeji mmoja aliniambia mwaka jana, akininyooshea kikombe nikaoshe.

Nilitafuta picha za mwaka huo. Mia mbili na kitu. Nimo kwenye moja, mgongo.

Wala sisemi mawifi zangu wananionea. Mawifi hawapo! Mmoja anaosha masufuria kwa wakwe zake Machame, mwingine Kibosho. Kila mwanamke wa ukoo huu ni mikono ya nyumba nyingine. Na tusijifanye watakatifu sisi wa Dar: dada wa kazi tunampa nauli tarehe 20, tunamwambia kwa upole "nenda ukapumzike", kwao ambako jembe linamsubiri mlangoni.

Kuhusu pesa, pombe na ada za Januari mtaandika wengine. Yote kweli. Lakini mimi nikisikia neno kujijali, swali langu ni moja tu: nani anaosha vyombo? Maana hiyo nafasi ya kupumua anayoihubiri yule wa redioni ipo, tena nyingi, pale nyumbani imejaa tele. Imekaliwa tu na watu wengine. Siwezi kuipata kwa kuvuta pumzi ndefu jikoni kwenye moshi.

Na mtori wa kule, jamani, naupenda. Nawapenda watoto wangu wakikimbia kihambani na binamu zao, wakisimama kwenye makaburi ya wazee na kuuliza huyu alikuwa nani. Hilo Dar siwezi kuwanunulia. Ndiyo maana nakwenda kila mwaka, na ndiyo maana nina hasira.

Mwaka jana usiku wa tarehe 24, mama mkwe alikuja jikoni na kigoda chake, akachukua kisu, akaanza kumenya pembeni yangu. Tukamenya kimya. Baadaye akasema, kama anayejisemea, kwamba tangu aolewe katika boma lile hajawahi kula mtori wa Krismasi ukiwa wa moto.

Sikumjibu. Ningesema nini?

Kuna kitu kingine sijawahi kukisema kwenye grupu. Basi likifika Mombo, kulia kuna barabara inayopanda Soni kwenda Lushoto. Huko juu yuko mama yangu mzazi, peke yake na redio yake, na Krismasi zote kumi zilizopita nimepita hapo. Hata usiku nikiwa nimesinzia, tukikaribia ninaamka mwenyewe. Huwa nainama nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Basi juzi nimeandika: "Na mimi nachanga 150,000. Watafutwe vijana wawili hapo kijijini walipwe, waoshe vyombo. Mimi na watoto tunashuka Mombo tarehe 22. Rombo tutafika tarehe 27, Mungu akipenda."

Mume wangu aliisoma akiwa sebuleni. Akaja chumbani. "Sasa mimi nitawaambia nini?"

"Waambie mke wako ana mama."

Grupu limekaa kimya siku mbili. Watu wote wameona, alama za bluu zimejipanga kama chawa. Kaka mkubwa akarusha video ya mahubiri. Shemeji wa viwanja vya Goba akaandika "Mmh", akaifuta.

Jana usiku ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mkwe, maana yeye haandiki. Sekunde tisa. Alianza na kicheko, akakohoa, halafu akauliza: "Mama Junior, na mimi nichange ngapi ili nikae?"