Dakika 4, eti!

Jamani, hii programu ya ramani nani kaifundisha uongo? Iliniambia foleni hii ni ya dakika 4. Nusu saa baadaye bado natazama tairi lile lile la lori lile lile, nimeshahesabu mpaka nati zake. Ziko 10. Nayo inasema nini? Dakika 4!

Na hili joto je? Lami imenyonya jua tangu asubuhi, sasa inatutemea usoni. Dirisha la basi halifunguki, kiyoyozi kilishakata roho. Pembeni yetu kuna bwana kwenye gari dogo, peke yake, viti 4 vitupu, kajifungia na kiyoyozi chake. Ile hewa ya moto anaisukumia wapi? Kwetu! Anapoa yeye, tunaiva sisi.

Nikasema nijiliwaze na simu. Ikaandika: imepata joto kupita kiasi, subiri ipoe. Ipoe wapi, humu? Mimi mwenyewe nasubiri zamu yangu ya kupoa!

Mwaka 2015 wakubwa walikutana Paris, wakakubaliana kujitahidi joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5 za Selsiasi juu ya lilivyokuwa kabla ya enzi za viwanda. Mwaka 2024 tukazipita, mwaka wa joto kuliko yote tangu vipimo vianze. (Najua, watasema kinachohesabiwa ni wastani wa miaka mingi, si mwaka mmoja. Sawa, waje wakalie kiti changu hiki, juu ya injini.)

Haya, lori limesogea. Hatua 2. Programu nayo imejirekebisha: dakika 6.