Baba Mkwe na Kidirisha cha Treni ya Makaa

Baba mkwe wangu ni mtu wa relwe, na asiyelijua hilo hajakaa naye dakika tano. Alianza ujana kwa kusugua vichwa vya treni, akapanda cheo hadi kuwa mtu wa moto kwenye vile vichwa vikubwa vya mvuke, Garratt za daraja la 59, zilizokuwa zikivuta mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi, kilomita 530 za kupanda tu. Kichwa kimoja, tani 1,200 nyuma yake. Takwimu hiyo niliisikia siku ya posa, nikaisikia tena siku ya harusi, na mwanetu alipozaliwa ilitajwa kabla ya uzito wa mtoto.

Kwa hiyo alipokuja Uingereza kututembelea, mke wangu aliona zawadi ni moja tu: kumpandisha treni ya mvuke.

Waingereza wana mambo yao. Mvuke waliuzima wenyewe kwenye reli zao kuu mwaka 1968. Safari ya kuagana ilikuwa tarehe 11 Agosti, tiketi gini 15 za pesa yao ya zamani, na baada ya hapo wakapiga marufuku. Hawakuvumilia hata miaka minne: 1971 kichwa cha kwanza kikaruhusiwa kurudi, na tangu hapo wapenzi wa mambo hayo wanavifufua vyuma vya zamani, wanavikaguza boila, wanaviombea kibali na kuvipitisha kwenye reli zile zile za treni za umeme na dizeli, vikivuta mabehewa yaliyojaa watu waliolipa pesa ya maana ili wachelewe kufika. Bei sitaitaja. Mke wangu husoma ninayoandika.

Tulichagua safari ya kwenda Carlisle kwa njia ya Settle, ambayo ndiyo waliyopita na treni ya kuagana mwaka ule. Asubuhi Mzee alitoka chumbani amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi hadi mikunjo inakata, koti jeusi, na kofia ya vito aliyoshonewa Lamu. Mke wangu akanong'ona, "Baba, si afadhali kanzu ya kahawia?" Mzee akamtazama. "Mwanangu, nikiingia stesheni nataka wajue ni nani aliyeingia."

Stesheni tuliwakuta wazee wa Kiingereza wengi, kila mmoja na daftari la namba, wengine na vinasa sauti vya kurekodi injini inavyohema. Na baadhi yao walikuwa wamevaa miwani mikubwa ya plastiki yenye mpira unaozunguka kichwa. Mzee akacheka mpaka akashika nguzo. "Hawa watoto wa watu wanakwenda kupiga mbizi?"

Kichwa kikaingia, ni moja ya zile Jubilee za miaka ya 1930, rangi nyekundu iliyoiva, kikivuta behewa lake la makaa na maji: tani 9 za makaa, maji lita kama 18,000. Mzee alisimama wima, nusura apige saluti. Kisha akaona dizeli imefungwa mkiani.

"Ile nyuma ni ya nini?"

Nikamweleza kwamba siku hizi huwekwa pengine kusaidia ikitokea hitilafu, wasije wakafunga njia ya treni nyingine.

"Kwetu hitilafu ikitokea unashuka na spana," akasema, akapanda behewani bila kuiangalia tena.

Tulikaa behewa la pili kutoka mbele, meza ina kitambaa cheupe, siagi kwenye kisahani. Nyama ya nguruwe tuliikataa, tukaletewa samaki waliokaushwa kwa moshi. Huo moshi wa samaki mkumbuke, nitaurudia.

Baada ya Settle, treni inaanza kupanda. Wenyewe wanapaita Mpando Mrefu, kilomita 25 hivi, na kila mita 100 unapanda moja. Injini ilianza kukohoa kwa nguvu, wale wa vinasa sauti wakafumba macho kwa utamu. Mimi nikatoa ramani nimwonyeshe Mzee kilele cha njia, Ais Gill, mita 356 juu ya bahari.

"Mita ngapi?"

"356, Baba."

"Voi ni juu zaidi," akasema. "Na Voi hatukupaita kilele. Tulipaita Voi."

Kisha akainuka, akakivuta kile kidirisha cha kuteleza kilichoko juu ya kioo, akakifungua chote. "Treni ya mvuke haisikilizwi kupitia kioo."

Sasa wewe uliyeoa pwani niambie: unaanzaje kumfungia baba mkwe dirisha? Nilikohoa. Nikasema hali ya hewa ya huku si nzuri kwa kifua. Akasema kifua chake ni cha relwe.

Akapita bwana mmoja wa kujitolea, mwenye beji na sharubu, akatuomba kwa adabu sana tufunge, kwani mbele kuna tuneli. Nikafasiri, moyo wangu umefurahi, nikijua serikali imeingilia kati. Mzee akasema, "Mwambie mimi nimefanya kazi kwenye Garratt."

Nikamwambia. Yule bwana akatoa macho. "Garratt? Daraja la ngapi?"

"59."

Lo! Kama ningejua! Hizo za daraja la 59, vichwa 34 kwa jumla, zilitengenezwa Gorton, Manchester, na hakukuwa na kichwa cha mvuke cha reli nyembamba ya mita moja kilichozizidi ukubwa duniani. Kwa watu hawa, mtu aliyezifanyia kazi si mgeni, ni sharifu. Yule bwana akakaa chini. Akaita mwenzake. Mwenzake akaita behewa zima. Bibi mmoja akaja na kikombe chake cha chai, wale wa miwani wakaja na madaftari, na mimi nikawa mkalimani. Mzee akawaambia kwamba walipokuwa wanalia hapa 1968, yeye alikuwa bado hajaanza kazi, na alipoanza mvuke ulikuwa bado unachapa kazi Kenya. Wakatikisa vichwa kwa majuto ya kweli. Daraja la Ribblehead, matao 24, mandhari ambayo watu husafiri kutoka pembe zote za nchi kuitazama, likapita nje na hakuna aliyegeuka. Kidirisha hakuna aliyekikumbuka.

Tuneli ya Blea Moor ina urefu wa kilomita 2.4. Nimezisoma tarakimu hizi baadaye, nikiwa nimeoga.

Kwanza kulikuwa na kishindo cha hewa. Halafu moshi wote ambao kule nje ungekwenda zake mbinguni ukakosa pa kwenda, ukaona kidirisha chetu. Uliingia na chenga za makaa ndani yake, zikigonga visahani. Taa zikafifia, zikapotea. Nilisikia kikohozi cha Kiingereza, kile cha kuomba radhi kila baada ya kukohoa. Nilimsikia bibi wa chai akisema, "Oh dear." Nilimsikia Mzee akianza Ayatul Kursiyyu. Nikainuka nikifunge, heshima baadaye, lakini mkono wangu ukakutana na sharubu za mtu aliyekuwa na wazo hilo hilo, tukasukumana gizani mpaka mwanga ukarudi wenyewe.

Hakuna aliyesema kitu. Siagi ilikuwa nyeusi. Kitambaa cha meza kilikuwa kijivu, isipokuwa miduara miwili safi palipokuwa na viwiko vya Mzee. Wale wa miwani wakavua miwani, wakabaki na macho meupe kwenye nyuso za masizi, na hapo nikaelewa mbizi yao ilikuwa ya nini. Sote tulikuwa tumekaushwa barabara kama wale samaki wa asubuhi, tofauti ni kwamba wao waliletwa na ndimu.

Kanzu sitaieleza. Kofia ya vito sasa ilikuwa na nakshi ambayo Lamu hawaijui.

Mzee alijitazama kwa muda. Akapangusa jicho, akaliongezea masizi. Kisha akaniinamia, sauti ya chini kabisa.

"Zetu zilitumia mafuta."

"Baba?"

"Mafuta mazito. Nilikuwa nafungua vali, nafunga vali. Makaa haya mimi sijawahi kusafiri nayo." Akawatazama wale wazee waliokuwa bado wanamsubiri aendelee na kisa. "Hilo usifasiri."

Sikufasiri. Tukapita Garsdale, kwenye sanamu ya mbwa ambaye alama ya unyayo wake ilipokelewa kama pingamizi njia hii ilipotaka kufungwa miaka ya 1980. Nikamwonyesha Mzee ili nimbadilishie mawazo. Akasema mbwa ana akili, lakini angengoja kwanza apite tuneli.

Appleby treni husimama kunywa maji. Tulishuka kutafuta bomba. Mtu wa moto wa ile injini naye akashuka, mtu ambaye tangu asubuhi alikuwa akitupa makaa kwa beleshi, na wallahi uso wake ulikuwa safi kuliko wetu. Abiria wa mabehewa ya nyuma, waliokuja mbele kupiga picha, wakamwangalia yeye, wakamwangalia Mzee, wakamchagua Mzee. Akapewa beleshi ashike. Akasimama kando ya gurudumu, kanzu ya masizi, kidevu juu, akapigwa picha na watu zaidi ya ishirini, na wengine wakamshukuru kwa safari nzuri.

Picha hiyo sasa imetundikwa sebuleni Mombasa. Wazee wenzake wa relwe wamekuja kuiona na kahawa wamenywea chini yake. Juzi shemeji yangu amenipigia simu, anacheka hata maneno hayatoki, akaniambia kisa kinavyosimuliwa huko: kwamba Mzee alionya tangu Settle kuhusu tuneli, na kwamba mkwe wake, kijana mzuri lakini hajui mambo ya treni, ndiye aliyeng'ang'ania kufungua dirisha.

"Ni kweli?" akaniuliza.

Nikamwambia, Mzee akishasema, ndiyo hivyo.