Ramani za zamani za baraje ya Lufira, ni shahidi wa nani?

Mwezi wa kumi baba mdogo wangu wa Kapolowe, kwetu Katanga kusini mwa Kongo, alinitumia picha kwa WhatsApp, picha ya karta, yaani ramani, imetandikwa juu ya meza, imekunjwakunjwa mpaka mikunjo imekula maandishi, na chini yake voisi ya dakika nne. Kisa ni shamba. Ziwa la Tshangalele, lile lililofungwa na baraje, ukuta wa umeme kwenye mto Lufira, likishuka kiangazi linaacha ardhi nyeusi nzuri, watu wanapanda mboga na maharagi mpaka maji yarudi, sasa kuna bwana mmoja katoka mjini na hiyo karta anasema kufuatana na mstari uliochorwa humo, hapo ni ndani ya maji ya baraje, si pa mtu yeyote wa mugini, kwa hiyo yeye mwenye karatasi za ofisi ndiye wa kulima. Baba mdogo anauliza: "Weye ulisoma, hii karta ni ya kweli ao ni ya bongo?"

Nilidhani nitajibu kwa neno moja, nikakaa nayo wiki mbili.

Kwanza tukumbuke ile baraje ilijengwa juu ya nini. Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, walitaka umeme wa kusafishia shaba, kiwanda cha Shituru pale Likasi (wakoloni waliiita Jadotville) kilianza kazi 1929, na Mwadingusha, kituo cha umeme cha baraje hiyo, ikaanza kutoa umeme 1930, kwenye maporomoko ya Lufira yanayoshuka zaidi ya mita 100. Taa za mitaa ya wafanyakazi zilikuja nyuma, na delestaji, ule mgao wa umeme tunaoulalamikia leo hapa Lubumbashi, ina mizizi yake humo humo, kwanza mgodi halafu mtu. Maji yaliyofungwa ndiyo yakawa hilo ziwa. Kwa hiyo karta iliyochorwa kabla ya 1930 haina ziwa, ina mto na mabwawa ya matope, na ya baada ya hapo ina doa kubwa la bluu, na katikati kuna zile ninazozipenda zaidi, zile za mpango, ambapo mto bado mwembamba lakini mkono wa injinia umeshazungusha mstari kuonyesha maji yatafika wapi.

Wanaotaka karta hizi zifunguliwe na zitumike wana hoja nzito. Karatasi nyingi ziko Ubelgiji, nyaraka za Union Minière zinatunzwa na idara ya nyaraka za taifa kule Brussels, karta kibao ziko kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, na mtu wa Kapolowe mwenye nauli ya kufika Likasi tu atazionea wapi? Halafu hata ukipewa mlango, lazima ujue jina la kutafuta. Ukiandika Mwadingusha unaweza kutoka mikono mitupu, juu zamani kituo kiliitwa Francqui na maporomoko yenyewe yaliitwa Cornet. Koni, iliyo chini yake kwenye mto huohuo, iliitwa Bia. Nenda kwenye vituo vya mto Lualaba: Nzilo ilikuwa Delcommune, Nseke ilikuwa Le Marinel. Ukiyaweka pamoja hayo majina unashtuka, juu ni orodha ya misafara ya wazungu waliokuja Katanga kati ya 1891 na 1892, wakati mfalme M'siri anauawa pale Bunkeya, mji wake. Bia alikuwa mkuu wa msafara, akafia njiani 1892, Francqui akachukua uongozi, Cornet alikuwa mtaalamu wao wa mawe. Yaani msafara mzima umelala juu ya mto mmoja! Mobutu alipokuja na mambo ya kurudisha majina yetu, mibao ikabadilishwa, lakini mafaili hayakubadilishwa, na aliyekuwa hajui jina la zamani akafungiwa nje bila mtu kufunga mlango.

Na mpango wa baraje unasema mambo ambayo hakuna muzee anayeweza kuyasema kwa mita: ukuta una kimo gani, maji yaliruhusiwa kupanda mpaka wapi, barabara ipi ilihamishwa. Kampuni ao serikali ikisema hapo hapakuwa na watu, na mpango wake wenyewe umeandika jina la mugini ndani ya ule mstari, basi wamejifunga wenyewe.

Sasa upande wa pili, na hapa ndipo watu wa diaspora wanaoshangilia kila skani inayopandishwa mtandaoni wanapita mbio. Nani alichora? Ardhi ya Katanga ilikuwa chini ya Comité Spécial du Katanga (CSK), kamati ya wakoloni iliyoundwa 1900, na hiyo CSK ilikuwa na kazi mbili mu nyumba moja: kupima ardhi na kuigawa. Mchoraji ndiye mwenye kuuza. Ukiwa na kazi hizo mbili, kuna faida gani kuandika kila kimugini kidogo? Hata bila nia mbaya, kwenye karta ya 1/200 000 milimita moja ni mita 200, kijiji cha nyumba ishirini kinaingia chini ya ncha ya kalamu. Na watu walikuwa wanahama, shamba likichoka wanasogea, kwa hiyo aliyepita mwaka fulani aliandika walipokuwa mwaka huo, wakarudi kwa mababu mwaka uliofuata na karta haikurudi nao.

Halafu kuna maji yenyewe. Tshangalele ni pana lakini si refu kwenda chini, wastani haufiki mita 3, likishuka hata mita moja ufuko unakimbia mbali sana, na mchanga wa Lufira pamoja na uchafu wa migodi ya Likasi umekuwa ukijaza upande wa juu miaka na miaka. Mstari wa mpango ulichorwa kufuata kimo cha ardhi ya wakati ule. Ardhi ya leo si ile.

Kuna na woga mwingine unaosemwa pole pole: ukifungua karta zote leo, wa kwanza kuzisoma hatakuwa baba mdogo. Atakuwa mwenye mgodi, mwenye wakili, mwenye hela ya kuprinti kubwa. Yule bwana wa Kapolowe ni mfano tosha. Woga huo nauelewa, ila sikubali dawa yake, juu karta zikifichwa wenye hela watazipata tu, watakaokosa ni wengine.

Mimi nimefika hapa: hizi karta ni shahidi mzuri dhidi ya yule aliyezichora, na shahidi dhaifu dhidi ya wale ambao hawamo. Mpango ukionyesha kampuni ilijua kuna mugini, uchukue ukamshtaki nao. Karta ikionyesha pori tupu, haijathibitisha kwamba palikuwa patupu, imethibitisha tu kwamba mchoraji hakuandika, na hapo lazima uite wazee, makaburi, miembe, majina ya vijito. Serikali inaweza kujibu kwamba tangu sheria ya 1973 ardhi yote ni yake, sawa, lakini hiyo inamfunga bwana wa mjini sawasawa na baba mdogo.

Basi nikamwambia: ni ya kweli, lakini muulize ni ya mwaka gani na mstari ni wa kitu gani. Juu nilipoivuta ile picha kwa vidole viwili, chini kwenye kona, pale mkunjo haujala, niliona bluu ya ziwa haijapakwa rangi, ni nukta nukta za penseli tu. Ni ya mpango. Bwana alikuwa anatembea na ziwa ambalo halijakuwepo bado.

Baba mdogo akarudisha voisi fupi, nyuma kuku wanalia: "Bale benye balichora, habakushuka mu matope. Mie niko mu matope hapa, maharagi iko natoa maua."