Magawa Kapata Medali, Wa Kwetu Anakula Waya

Kulikuwa na panya buku wa Morogoro, jina lake Magawa. Alifundishwa pale Chuo Kikuu cha Sokoine kunusa baruti, akapelekwa Kambodia, akafichua mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100, na mwaka 2020 Waingereza wakamvisha medali ya dhahabu. Panya huyo! Sasa fungua boneti ya gari lililolala siku nne chini ya mwembe, umwone ndugu yake. Hana kazi, hana medali. Kajipangia makazi juu ya boksi la filta ya hewa ya injini, kokwa ya embe pembeni, godoro kalichana kwenye lile zulia la kuzuia kelele, na waya ya sensa kaifanya mswaki.

Eti anakula waya kwa sababu ya njaa. Njaa gani, na pipa la taka liko hatua tatu? Meno yake ya mbele hayaachi kukua mpaka anakufa, kwa hiyo kila siku lazima ayapunguze kwenye kitu. Kitu chenyewe ni chako. Taa ya injini inawaka, gari linakohoa, fundi anasema, "Bosi, plagi hizi." Unanunua plagi. "Bosi, basi koili." Unanunua koili. Siku ya tatu ndiyo mtu anainama na tochi, anakuta waya imekatika nusu inaning'inia. Jamani, tochi kwanza, pochi baadaye! Tafuta mavi: ya panya mdogo ni kama punje ya mchele, ya yule mkubwa wa darini yanafika sentimita moja na kitu. Yakiwa laini na yanang'aa, mwenyewe katoka sasa hivi. Angalia kando ya betri, chini ya kava la injini, na pale chini ya wipa panapoingia hewa, maana hapo ndipo geti lake la kuingilia ndani ya gari.

Ukiwasha kiyoyozi gari likanuka kama chooni kwa wapangaji kumi, usimwage pafyumu. Gari nyingi za Kijapani filta ya kiyoyozi iko nyuma ya droo ya dashibodi. Toa vitu vyote, bana mbavu mbili za droo kwa ndani ishuke, kisha vuta kile kisanduku chembamba cha plastiki. Kitatoka na pamba, nywele, maganda ya karanga na nusu ya risiti ya mafuta. Familia nzima ilishapata anwani ya makazi humo. Vaa glavu na barakoa, filta tupa, usijaribu kuipuliza uirudishe.

Na sumu ndani ya gari usiweke. Atakufa ndani ya dashibodi, na dashibodi kuifumua ni siku nzima ya fundi.

Halafu anapita yule bwana wa spika. "Dawa ya panya, dawa ya mende, kunguni, viroboto..." Sauti imerekodiwa, betri haiishi, na zamu yake ni saa ile ile umejinyoosha mchana. Unamuuliza, je akifia darini? Anajibu bila kupepesa: "Hii akila anakauka, mzee, hanuki." Anakauka! Kwani dagaa? Sumu nyingi zenye lebo, hizi za bromadayoloni na jamaa zake, zinazuia damu isigande. Panya anakula leo, anakufa siku ya tatu mpaka ya saba, amejilaza pale anapolala kila siku, yaani juu ya dari ya jipsamu, usawa wa kitanda chako. Hakuna sumu inayomwambia akafie kwa jirani. Na ile ya kwenye kipakiti kisicho na jina ni balaa zaidi. Mtoto akila ya lebo, unakimbia hospitali na pakiti mkononi, daktari anajua pa kuanzia, maana hizo za kuzuia damu zina dawa yake, vitamini K. Ya kipakiti cheupe, daktari naye abakie kupiga ramli.

Basi mtu ananunua mtego wa springi, anauweka katikati ya sebule kama zulia la wageni. Panya hatembei katikati ya chumba, anapapasa ukuta kwa sharubu. Mtego usimame na ukuta kama herufi T, upande wa chambo ndio uguse ukuta. Na si mtego mmoja nyumba nzima kana kwamba wamekubaliana kupanga foleni; kwa panya wadogo weka kila baada ya mita mbili.

Chambo sasa. Watu wanaweka kipande cha samaki cha kumtosha mtu na ugali wake! Anakivuta kwa pembeni, mtego unafyatuka hewani, yeye yuko nyuma ya friji anatafuna. Siagi ya karanga ukubwa wa punje ya njegere inatosha, ipake imgande ili alambe. Au dagaa mmoja, umfunge kwa uzi. Yule mkubwa wa darini anaogopa kitu kigeni, kwa hiyo mwekee mtego wenye chambo usiku tatu nne bila kuutega, ale, azoee, ndipo utege. Mdogo hana subira hiyo. Yeye ni mbea, usiku wa kwanza kashakuja kuchungulia.

Gundi inanasa mjusi na kandambili. Vidude vya umeme vya kutoa mlio anavizoea kama sisi tulivyozoea spika ya bwana yule. Nafthalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini, inakuumiza kichwa wewe. Paka yupo, lakini kwenye sofa.

Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo. Wachimbe la nini, fundi si kashawachimbia? Alitoboa ukuta inchi nne apitishe bomba la inchi mbili, nafasi iliyobaki akasokota gazeti, juu akapiga rangi, akadai chake akaondoka. Panya mdogo anapita tundu la mm 6. Penseli ikiingia, hesabu naye kaingia. Chini ya sinki, kwenye bomba la kiyoyozi, chini ya mlango wa jikoni, mwisho wa mabati. Jaza stilwaya ya kusugulia masufuria, ishindilie, kisha saruji juu yake. Foamu peke yake anaila. Tawi la mwembe kata likae mita moja na nusu mbali na bati. Ila tega kwanza, ziba baadaye. Ukiziba naye yumo, umempa ulinzi.

Mavi yake usifagie makavu. Nyunyizia jiki, sehemu moja kwa maji sehemu tisa, subiri dakika tano, futa kwa karatasi ukiwa na glavu. Ile homa ya mgunda iliyoua watu kule Lindi mwaka 2022 huenezwa na mkojo wa wanyama, panya akiwa mstari wa mbele, na mkojo huo unaweza kuwa juu ya kopo la soda unalolipeleka mdomoni moja kwa moja.

Na miguu je? Umekula wali kwa samaki, matone yamedondokea mguuni, unapanda kitandani na kisigino chenye magaga kama ukoko. Unategemea nini? Watu wanasema panya anauma huku anapuliza ndiyo maana husikii. Hapulizi chochote. Husikii kwa sababu gaga ni ngozi iliyokufa, unastuka akishafika kwenye nyama. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, nenda hospitali, na leo usiku nawa miguu.