Denis Compton: mechi 54 hazitoshi kumhukumu winga

Mechi 54 za ligi na mabao 15, kati ya 1936 na 1950. Anayetaka kumshusha Denis Compton, winga wa Arsenal aliyekuwa pia mpigaji wa kriketi wa England, huanzia hapo, na shutuma yake inaeleweka upesi: winga wa kushoto mwenye kipaji cha aina yake aliipa kriketi mnofu, soka ikaachiwa mifupa.

Shutuma hiyo haikuzuka hewani. Ligi ya England ilianza mwishoni mwa Agosti na kumalizika mwanzoni mwa Mei. Kriketi ya kaunti ilichezwa kuanzia Mei hadi Septemba. Ukiitazama kalenda tu, michezo hiyo miwili iligongana kwa wiki chache. Kilichovuruga mambo ni ziara za timu ya taifa ya kriketi, ambayo ilisafiri kwa meli msimu wa vuli na kurejea majira ya baridi yakiwa yamepita. Majira ya 1946-47 Compton alikuwa Australia, na huko Adelaide alipata mikimbio (alama za kriketi) 147 katika zamu ya kwanza ya kupiga na 103 katika ya pili bila kutolewa. Majira ya 1948-49 alikuwa Afrika Kusini, akapiga 300 kwa dakika 181 mjini Benoni. Kocha wa soka hawezi kujenga upande wa kushoto juu ya mtu aliye ng'ambo ya bahari wakati viwanja vimelowa na ligi imepamba moto.

Wanaomlaumu wana mfano mzuri wa kumlinganisha naye. Mwaka 1948, kwenye Olimpiki ya London ambayo mashindano yake ya mashua za tanga yalifanyika Torquay, Mdenishi Paul Elvstrøm alitwaa dhahabu yake ya kwanza akiwa na umri wa miaka 20. Akaongeza nyingine tatu mfululizo hadi 1960. Mashua ndogo ya mtu mmoja ikilala upande, tanga humwaga upepo, usukani huanza kuburuta maji, na mwendo hupotea. Dawa ni nahodha kubana miguu kwenye mkanda na kuuning'iniza mwili nje ya mashua, kazi inayochoma mapaja na tumbo. Elvstrøm aliifanyia mazoezi nchi kavu, kwenye benchi alilolitengeneza mwenyewe, hata akaweza kuvumilia muda mrefu kuliko wapinzani wake. Hilo ni tunda la kuutumikia mchezo mmoja, na ni haki kuuliza Compton angefika wapi kwa mwendo huo.

Lakini hebu tuirudie ile 54. Compton alizaliwa Mei 1918. Ligi iliposimamishwa Septemba 1939 kwa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa na miaka 21. Iliporejea Agosti 1946 alikuwa na 28. Kwa winga anayeishi kwa kasi, hiyo ndiyo miaka yenyewe! Wakati wa vita aliichezea Arsenal zaidi ya mechi 100, na England mechi 12, ila kumbukumbu rasmi hazizihesabu. Anayetaja 54 bila kutaja hayo anaitwika kriketi deni la vita.

Tena kuna suala la mkate. Mshahara wa mwanasoka ulikuwa na kikomo kilichowekwa na ligi: pauni 12 kwa wiki kuanzia 1947, na hata kikomo kilipofutwa 1961 kilikuwa kimefika pauni 20 tu, uwe nyota au beki wa akiba. Kumtaka mtu aache taaluma yake ya pili kwa malipo hayo ni kumtaka ajitoe mhanga kwa faida ya klabu.

Na alichoipa soka hakikuwa kidogo. Ana medali ya ubingwa wa ligi ya 1947-48. Kwenye nusu fainali ya Kombe la FA ya 1950, Chelsea walitangulia 2-0. Arsenal wakapata moja, kisha Denis akapiga kona na kaka yake Leslie, beki wa kati, akapanda na kuipiga kichwa ikawa 2-2. Arsenal walishinda mechi ya marudiano, wakaifunga Liverpool 2-0 kwenye fainali uwanjani Wembley.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni goti. Mwaka 1938 Compton aligongana na kipa wa Charlton, Sid Hobbins. Jeraha lile lilibaki. Winga anapochonga krosi mbioni, mguu mmoja husimama na njumu zake zimenasa kwenye tope, huku kiwiliwili kikizunguka juu yake. Goti ndilo linalomeza msokoto huo. Gegedu ikishaumia, mifupa husuguana, maji hujaa, goti huvimba. Mwaka 1950, baada ya Wembley, alifanyiwa upasuaji. Majira yaliyofuata nchini Australia wastani wake wa mikimbio kwa kila anapotolewa katika mechi za kimataifa ulikuwa 7.57, kwa mtu aliyemaliza maisha yake ya mchezo na 50.06.

Novemba 1955 pia ya goti ilitolewa kabisa. Mfupa huo wa mbele ya goti ndio unaoipa misuli ya paja nguvu ya kunyoosha mguu. Bila hiyo, kuchuchumaa, kusukuma hatua mbele na kugeuka ghafla ni taabu, na mpigaji wa kriketi anayapenda yote matatu.

Kwa hiyo daftari la hasara lina upande wa pili, na huko aliyedhulumiwa ni kriketi. Kiangazi cha 1947, miaka tisa baada ya goti lile kuumia, Compton alipata mikimbio 3,816 na kuvuka 100 mara 18 katika zamu moja, rekodi ambazo hazijavunjwa hadi leo. Na kiangazi cha 1956, bila pia ya goti, alirudi uwanja wa Oval dhidi ya Australia, akapiga 94.