Watoto wa Kila Rangi, Walimu wa Rangi Moja: Ninayoyaona Nikiwa Minnesota

Katika shule za umma za Marekani, walimu 8 kati ya kila 10 ni wazungu. Hiyo ni hesabu ya serikali yao wenyewe ya mwaka wa masomo wa 2020–21. Upande wa wanafunzi mambo yamebadilika kabisa: tangu 2014 watoto wa kizungu hawafiki nusu ya wanafunzi wa shule hizo. Hapa Minnesota ninapoishi pengo ni kubwa zaidi. Zaidi ya theluthi moja ya wanafunzi si wazungu, lakini ukihesabu walimu 100, wasio wazungu ni kama 6 hivi.

Mimi ni msaidizi wa darasa katika shule ya msingi ya umma pembezoni mwa Minneapolis. Nilizaliwa na kusomea Kilifi. Najua kwamba wengi wenu mlio nyumbani mkisikia mjadala huu mnaona ni Wamarekani na mambo yao ya rangi, hautuhusu. Unatuhusu. Kenya tumekuwa tukiulizana swali hilohilo kwa miaka mingi, ila sisi tunaliuliza kwa kabila na kaunti: nani afundishe watoto wa nani? Nikilinganisha majibu ya pande mbili, naona kila mmoja ameng'ang'ania nusu ya kazi na kuiacha nusu nyingine.

Nianze na ninachokiona kazini. Kuna mvulana wa darasa la tatu, wazazi wake ni Wasomali waliopitia kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Siku moja mwalimu alikuwa akimkanya kwa kosa dogo la kusukumana kwenye foleni. Mtoto akainamisha kichwa, macho sakafuni. Mwalimu akamwambia, "Nitazame ninapozungumza nawe." Mtoto akazidi kuinama. Mwalimu akaona ni kiburi, akajaza fomu ya utovu wa nidhamu. Yeyote aliyelelewa Pwani au Garissa anajua kilichokuwa kikitendeka pale: mtoto anayemkodolea macho mtu mzima anayemkaripia ndiye asiye na adabu. Yule kijana alikuwa akiomba radhi kwa njia aliyofundishwa na mama yake. Baada ya masomo nilimweleza mwalimu. Ni mtu mwema, alisikiliza, akaichana ile fomu mbele yangu. Lakini ilikuwa bahati tu kwamba nilikuwepo. Fomu kama ile zikishajaa kwenye faili, zinamfuata mtoto mpaka sekondari, na mwalimu wa darasa linalofuata anamjua kama mkorofi kabla hajamwona.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba rangi ya mwalimu haina maana mradi anafundisha vizuri, nakubaliana naye nusu tu. Kule Tennessee, miaka ya 1980, watoto wadogo waligawiwa madarasa na walimu kwa bahati nasibu, kwa ajili ya utafiti uliokuwa unahusu ukubwa wa madarasa. Watafiti walipowafuatilia miaka mingi baadaye, waligundua kwamba mtoto Mweusi aliyepata angalau mwalimu mmoja Mweusi kabla ya kumaliza darasa la tatu alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa kiasi cha asilimia 13, wa kuingia chuo. Mwalimu mmoja! Hakuna aliyebadilisha vitabu wala kujenga jengo jipya.

Na si kweli kwamba walimu Weusi hawajawahi kuwepo. Sote tumesikia habari za kesi ya Brown ya 1954, ile iliyopiga marufuku kutenganisha watoto shuleni kwa rangi. Yaliyowapata walimu baada ya hukumu hiyo hayasimuliwi sana. Majimbo ya kusini yalipolazimika kuunganisha shule, zilizofungwa zilikuwa za Weusi, na wazazi wa kizungu hawakutaka watoto wao wafundishwe na Mweusi. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba walimu na wakuu wa shule Weusi wapatao 38,000 walipoteza kazi katika majimbo 17 kati ya 1954 na 1965. Wengi walikuwa na shahada za juu kuliko waliochukua nafasi zao. Watoto waliruhusiwa kuingia. Walimu wao wakaachwa mlangoni. Jambo la namna hiyo lilitokea tena New Orleans baada ya kimbunga cha Katrina mwaka wa 2005, wafanyakazi zaidi ya 7,000 wa shule walipofutwa kazi na walimu wengi wazoefu, Weusi, hawakurudishwa.

Halafu kuna kanuni ya kupunguza wafanyakazi: aliyeingia mwisho ndiye wa kwanza kutoka. Ukitazama juu juu ni ya haki. Lakini ikiwa Weusi, Wasomali na Walatino ndio wameanza kuajiriwa juzi, basi kila bajeti ikipungua wanaofagiliwa ni haohao. Wilaya ya Jackson kule Michigan ilijaribu kuwalinda walimu wa jamii ndogo. Mwaka wa 1986 Mahakama ya Juu ilikataa, na ikakataa pia hoja kwamba watoto wanahitaji watu wa kuigwa wanaofanana nao. Hata hivyo walimu wa Minneapolis, baada ya mgomo wa Machi 2022, waliingiza kifungu kwenye mkataba wao cha kuwakinga walimu wa jamii zenye uwakilishi mdogo dhidi ya kupunguzwa kwa sababu tu ya ugeni wao kazini. Kelele zilizofuata zilifika nchi nzima, na kesi zikafunguliwa. Mimi nakiunga mkono kifungu hicho bila kusitasita. Mwalimu akishaondoka na kuajiriwa kwingine harudi, na mtoto aliyekuwa naye hana miaka ya kusubiri wakubwa wabishane.

Kwetu Kilifi mambo yalikuwa kinyume. Mwalimu wetu wa hesabu alitoka Siaya. Alikuja na barua ya Tume ya Huduma za Walimu, TSC, akapanga chumba karibu na soko, na kabla mwaka haujaisha alikuwa akisalimia wazee kwa Kigiriama. Kwa sababu yake tulijua mapema kwamba Mjaluo tuliyekuwa tukimsikia kwenye maneno ya wakubwa na Mjaluo aliyesimama mbele yetu na chaki ni watu wawili tofauti kabisa. Huo ni ujuzi ambao sijauona ukifundishwa kwenye kitabu chochote.

Lakini shule hiyohiyo ilikuwa na mwalimu wa Kiswahili, mwana wa kijiji cha jirani. Msimu wa korosho ulipofika na madawati yakabaki matupu, walimu wengine waliandika orodha ya watoro. Yeye alipanda baiskeli jioni, akaenda mashambani, akaketi na wazazi mpaka wakakubaliana kwamba korosho zitaokotwa Jumamosi na siku za masomo mtoto aje darasani. Alijua katika kila nyumba aanze kuzungumza na nani: hapa bibi, pale mjomba. Mwalimu wa hesabu, pamoja na wema wake wote, hangeweza kufanya hivyo. Nilihitaji wote wawili, na niliwapata wote wawili.

Kenya kama nchi tumeegemea zaidi upande wa yule wa kwanza. Tume ya Ominde ya 1964 ilitaka shule zivunje migawanyiko ya rangi tuliyorithi kwa mkoloni, na tangu hapo tumeamini kwamba kuchanganya watu ni dawa. Baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007, Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 iliweka kikomo: taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa kabila moja. Mwaka wa 2018 TSC ikaanza kwa nguvu kuwahamisha wakuu wa shule na walimu wengine nje ya kaunti zao za nyumbani. Nia siikatai. Lakini ilifanywa kwa barua, na barua haijui kama mwalimu ana mke mgonjwa au mtoto wa darasa la nane. Baba akajikuta Homa Bay, mama Kirinyaga, watoto kwa nyanya. Kufikia 2022 wabunge walitaka sera hiyo ifutwe, na walimu wakaanza kurudishwa karibu na makwao.

Yaliyotokea kaskazini mashariki ni machungu zaidi. Tarehe 22 Novemba 2014 al-Shabaab walisimamisha basi lililokuwa likitoka Mandera kuelekea Nairobi, wakawatenga abiria wasio Waislamu, wakawaua watu 28, wakiwemo walimu waliokuwa wakienda makwao likizo ya Krismasi. Wenzao wengi walikataa kurudi, na nani angewalaumu? Mashambulizi yalipoendelea, mwanzoni mwa 2020 TSC iliwaondoa walimu wasio wenyeji katika sehemu kubwa za Garissa, Wajir na Mandera. Madarasa yakabaki na walimu wa kuhesabu kwa vidole. Kwa nusu karne tulikuwa tumepeleka walimu kutoka bara, tukasahau kuwaandaa watoto wa huko wawe walimu wenyewe. Mgeni alipoondoka, ilibainika kwamba mwenyeji hakuwahi kufunguliwa njia.

Marekani hakuna barua ya aina hiyo. Hakuna TSC. Kuna wilaya za shule zaidi ya 13,000, kila moja inajiajiria, na sehemu kubwa ya fedha zake inatokana na ushuru wanaotozwa wenye nyumba wa pale. Mwalimu wa mtaa wa matajiri analipwa vizuri, wa mtaa wa pili anahangaika, na hakuna mwenye mamlaka ya kumpeleka mtu mahali. Walimu wengi hufundisha karibu na walikokulia. Kwa hiyo jibu la kuhamisha watu, ambalo sisi tumelitegemea, hapa haliwezekani hata likitakiwa. Linalobaki ni kuwalea walimu kutoka kwa watu waliopo.

Na watu wapo! Ingia shuleni kwetu saa moja asubuhi. Dereva wa basi anatoka Ethiopia. Jikoni kuna mama wa Mexico anayejua ni mtoto yupi hali nguruwe. Wasaidizi wa darasa ni mimi, dada Msomali, na kaka Mhmong, wa jamii yenye asili ya Asia, aliyezaliwa hapahapa St. Paul. Sisi ndio tunaoitwa mzazi asiyejua Kiingereza akija, mtoto akilia bila kusema sababu, ugomvi ukizuka uwanjani. Ukifika mbele ya ubao, rangi inabadilika.

Sababu ni pesa na muda. Ili upate leseni ya kawaida ya ualimu unahitaji shahada, programu ya mafunzo, mitihani ya kulipiwa, na wiki nyingi za mazoezi ya kufundisha ambazo kwa kawaida hazilipwi. Msaidizi anayelipwa kwa saa akiacha kazi kwenda mazoezini, hapotezi mshahara peke yake, anapoteza na bima ya afya ya wanawe. Dada yangu Msomali amekaa darasani miaka mingi, anafundisha kusoma vizuri kuliko walimu wapya anaowakaribisha kila Septemba, na hajaweza kuvuka hapo.

Kisha wako ndugu zetu waliofundisha fizikia na kemia katika shule za sekondari Kenya, ambao sasa wanageuza wagonjwa vitandani usiku katika nyumba za wazee. Kazi hiyo ni ya heshima, siidharau. Lakini vyeti vyao vinatakiwa kutathminiwa kwa ada, kisha wanaambiwa warudie kozi walizokwisha kuzifundisha, huku magazeti yakiandika kwamba walimu wa sayansi hawapatikani. Hilo linaniuma kuliko yote.

Njia za kuwasaidia watu wa namna hii zinajulikana. Chuo Kikuu cha Clemson, South Carolina, kilianzisha mwaka wa 2000 programu iitwayo Call Me MISTER ya kuwaandaa wanaume Weusi wafundishe shule za msingi. Nchi nzima wanaume Weusi hawafiki wawili katika kila walimu 100. Serikali kuu nayo ilikuwa ikitoa ruzuku za mafunzo ya walimu. Februari 2025 Wizara ya Elimu ilifuta ruzuku za zaidi ya dola milioni 600, ikidai zilitumika kueneza mawazo ya migawanyiko, na Aprili Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikaruhusu malipo yasitishwe kesi ikiendelea. Waliokuwa katikati ya masomo ndio walioumia kwanza.

Wilaya yetu sasa inaandaa bajeti, na nimejiandikisha kuzungumza mbele ya halmashauri ya shule. Nitaomba wasaidizi walipwe mishahara yao wakiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, na bima isikatwe hata siku moja. Nitaomba pia miaka ya darasani ihesabiwe, ili mtu aliyefundisha watoto mia kusoma asikae tena semista nzima akijifunza namna ya kushika kitabu. Na wabunge wetu wa Mandera, Wajir na Tana River, ambao huzungumzia uhaba wa walimu kila mwaka, nawaomba fedha za basari zitengewe vijana wa huko wanaotaka ualimu, walipiwe karo yote, na kazi iwe inawasubiri nyumbani wakihitimu. Walimu kutoka Siaya na Kisii waendelee kwenda, kwa hiari na kwa ulinzi, wakafundishe bega kwa bega nao.